Akademia ya Watu Wawili

Krrrak. Ndivyo zilivyolia zile droo za bati kila asubuhi Maalim alipozivuta. Kila moja ilikuwa na mlio wake. Droo ya papa ilikwama katikati, ikapigwa teke, ikaja. Droo ya kasa ililia kama kitambaa kinachochanwa. Ya kaa na kamba ilikwaruza meno yangu. Mimi nikiwa uani na birika nilijua, bila kuchungulia, leo tunashughulika na nani. Hadi leo mtu akivuta kabati la bati karibu nami nageuka kutafuta vikombe.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Skuli niliishia darasa la sita, maana la saba halikuwa na mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupika chai na kufuta vumbi katika chumba kimoja nyuma ya bohari la samaki, karibu na bandari ya Kismayu. Mlangoni palikuwa na kibao kilichosema hapo ni tawi la Akademia. Siku ya kwanza nilimwambia mama nimeajiriwa na kampuni ya dawa, kwa jinsi neno lenyewe lilivyosikika.

Maalim alikuwa mtu wa Barawa, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kiswahili chake cha Kibarawa kilinichekesha, na changu cha Kibajuni kilimchekesha yeye. Wiki ya pili nilimuuliza.

"Maalim, hii Akademia ni skuli?"

"Hatuna mwanafunzi hata mmoja."

"Ni wizara?"

"Wizara ina magari."

"Basi ni nini?"

Akavua miwani, akaifuta. "Ni watu waliokubaliana kuulizana 'umejuaje?' bila kugombana."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. "Kwetu kisiwani Chula ukimuuliza mchu umejuaje, anakupiga kasia." Mchu, kwa Kibajuni, ni mtu.

Lakini alinieleza, kidogo kidogo, siku nyingi, na mimi nilipenda kila neno. Kwamba nchi nyingi zina chombo cha namna hii. Kwamba huombi kazi humo, unachaguliwa na waliomo. Wawili wanakutaja, kazi yako inasomwa, kura inapigwa, na ukishaingia umeingia mpaka kufa. Kwamba kuna idara za ardhi, tiba, lugha na bahari, na sisi tulikuwa mkia wa idara ya bahari. Serikali ikitaka kujua kama samaki wanapungua au kisima fulani kina sumu, inauliza, wajumbe wanakaa, wanabishana, wanajibu kwa maandishi.

"Na serikali inasikiliza?"

"Inapokea."

"Na mwenyekiti wenu, mnamchagua wenyewe?"

"Ziko nchi anachaguliwa na wenziwe. Ziko nchi anashushwa kutoka juu."

"Na kwetu?"

"Kafunge mlango kwanza."

Ndani ya droo mlikuwa na kadi. Kila kadi ilibeba jambo moja tu: jina la samaki, wakati wa mayai yake, dawa ya miba yake, namna anavyovuliwa. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ambao Maalim hakukubali uachwe wazi, mstari wa msemaji. Nani kasema. Alikuwa mkali kwa hilo. Alisema wageni wengi wamepita pwani hii wakachota elimu ya wavuvi, wakaenda kuandika "wenyeji wanasema". "Wenyeji!" alikuwa akifoka. "Kana kwamba samaki walijisema wenyewe."

Kadi iliyotuletea visa vingi ilikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa akivua kasa kwa chaza, yule samaki mwenye kibandiko kichwani. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia, anamfuata kasa na kumganda, kisha unavuta wote wawili taratibu. Kwetu ni jambo la kawaida kama kuchota maji. Kadi ikaenda makao makuu, ikasomwa na wajumbe wawili wasioambiwa nani kaiandika, kwa sababu ndio utaratibu. Ikarudi na maswali matatu. Msemaji aliona kwa macho yake au alisimuliwa? Chaza mmoja anaweza kuvuta mzigo kiasi gani? Na msemaji ni yupi hasa, maana kadi tatu za Chula zina jina hilohilo?

Baba alikuwa amekuja mjini kutafuta misumari. Nikamsomea. Akanitazama mimi, akamtazama Maalim.

"Wazee wazima," akasema, "wamekaa kitako kumpigia kura chaza wangu?"

"Wanataka kujua nguvu zake, baba."

"Waambie waje. Nitamweka chaza kitambini mwa mmoja wao. Siku ya kumbandua ndio watajua nguvu."

Maalim aliandika jibu hilo neno kwa neno, huku mabega yakimtikisika.

Swali la tatu ndilo lililonipata mimi. Kwetu kila mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo kisiwa kizima kina majina labda ishirini yanayozunguka. Mtu tunamtambua kwa chombo chake. Yule mwenye mashua fulani, anayeilaza mahali fulani. Nikasema, huku nikipangusa meza, "Maalim, jina halitoshi. Andika na chombo, na mashine yake, na hori gani la mikoko anakokilaza wakati wa kusi. Hapo hamtachanganya watu tena."

Akaacha kalamu. "Bibi mdogo," akasema, "hilo ni pendekezo."

Akaliandikia barua. Baada ya miezi likarudi na muhuri: pendekezo la msaidizi wa tawi la Kismayu limekubaliwa na idara. Nililala na karatasi ile chini ya mto. Mwaka mzima tukazunguka visiwa vya Koyama, Chovai na Chula tukijaza mistari ile upya, chombo, mashine, hori. Nilijaza mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa mviringo, kila herufi imeshiba kama yai. Usiku sikuota bwana wala harusi. Niliota watu wawili wakinitaja jina langu katika ukumbi wenye mapazia.

Halafu serikali ikaanguka. Tulisikia kwa redio kwamba mji mkuu umekwisha, kisha redio nayo ikakwisha. Kismayu ikachukuliwa na kundi hili, ikanyang'anywa na kundi lile. Watu waling'oa milango, mabomba, swichi za ukutani. Sisi Wabajuni hatukuwa na kundi wala bunduki, tulikuwa na vyombo tu, na vyombo vikatoweka bandarini kimyakimya, kimoja baada ya kimoja, mpaka maji yakabaki matupu. Kila mtu alijua viko visiwani. Hakuna aliyesema ni wapi.

Maalim aliendelea kuja kazini. Barua haziendi, barua haziji, yeye anavuta droo.

"Maalim, Akademia yenyewe ipo bado?"

"Nasikia wamebeba hata madirisha," akajibu. "Lakini droo tunazo."

Siku moja asubuhi, saa nne hivi, alikuja mtu na wenzake wawili wenye bunduki. Yeye hakuwa nayo. Alivaa shati lililopigwa pasi, na katika mji ule, wakati ule, pasi ilitisha kuliko bunduki. Mfukoni alichomeka kalamu. Aliongea Kisomali cha adabu, akimwita Maalim adeer, yaani ami.

"Adeer, asalaam aleikum. Tunatafuta mashua zenye mashine. Watu wa visiwa wanaapa hawana. Nyinyi hapa mnafanya kazi gani?"

"Samaki," alisema Maalim.

"Vuta hiyo."

Maalim akavuta. Ilikuwa ya kasa. Nilisimama na sinia ya vikombe. Yule mtu akatoa kadi ya mbele, akaisogeza mwangani. Alisoma polepole. Kiswahili hakukijua, lakini jina la mtu, jina la kisiwa na nguvu za mashine havihitaji mkalimani. Nikaona kidole chake kikishuka hadi mstari wa chini na kusimama hapo.

"Mimi nilikuwa karani zamani," akasema. "Napenda kazi safi. Huu mwandiko mzuri. Wa nani?"

"Wangu," alisema Maalim, papo hapo.

Maalim, aliyeweza kugombana wiki nzima juu ya pezi moja la samaki alisema uongo bila kupepesa macho. Mwandiko wake yeye ulikuwa kama miguu ya kuku.

Karani akaikunja kadi, akaitia mfukoni kwenye kalamu. "Kesho nitakuja na mtu anayejua Kibajuni, atusomee zote. Usitoke mjini, adeer."

Walipoondoka nilichungulia droo kuona ni ipi iliyopungua. Ilikuwa ya chaza. Ya baba yangu.

Nililia. Maalim akaniacha nilie kidogo, halafu akasema, "Utalia njiani. Leo hii uende Chula, baba yako aitoe mashua pale ilipo."

"Na hizi zingine? Maalim, tuzichome."

"Miaka kumi na moja hiyo, binti."

"Basi tukate majina. Samaki wabaki, majina tuyachome."

Akakaa. "Kadi isiyo na msemaji ni uvumi. Hakuna Akademia duniani itakayoipokea. Na watu hawa tuliwaahidi. Baba yako, wazee wa Koyama, tuliwaambia jina lako litakaa hapa. Nikilikata nimewaibia." Kisha akaongeza, na hapa sauti ilimpungua, "Tena si ruhusa mtu mmoja kubadilisha kadi. Linakaliwa kikao."

"Tukae kikao."

"Cha nani? Mjumbe ni mimi peke yangu."

"Nichagueni," nikasema.

Nilidhani atanifukuza. Nje bandarini bunduki ililia mara mbili, ikanyamaza. Maalim aliangalia kibao cha mlango, akaniangalia mimi na kamasi zangu.

"Wanatakiwa wawili kukutaja," akasema. "Mimi mmoja. Mkuu wa idara, Mungu amrehemu kama amekufa, alilisifu pendekezo lako kwa mkono wake. Nitamhesabu wa pili." Akachana kipande cha karatasi, akaandika, akakikunja, akakitumbukiza katika kikombe cha chai kilichokuwa kikavu. Akakimimina, akakisoma kwa sauti: "Ndiyo. Kwa kura zote."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Baba yangu yumo hatarini, mji unaungua, na mimi kwa muda wa pumzi moja nilikuwa msichana mwenye furaha kuliko wote Kismayu. Nikainyoosha leso yangu begani.

"Hoja iko mbele ya kikao," akasema Maalim. "Majina yakatwe. Nani anaunga mkono?"

Nikainua mkono.

"Nani anapinga?" Akainua wake. Tukabaki hivyo, mikono juu, kama watoto wanaotaka kutoka darasani. "Zikilingana, mwenyekiti anaamua. Mwenyekiti ni mkubwa kwa umri. Majina yabaki. Kadi ziondoke."

Tukazimimina katika magunia mawili ya mchele, tukatandaza dagaa wakavu juu. Nikamwambia twende pamoja. Akakataa.

"Wakikuta chumba kitupu watakufuata papo hapo. Wakinikuta mimi, nitawasomesha samaki mpaka wachoke. Ukifika salama, watafute waliobaki wa Akademia yoyote, yetu au ya jirani, uwape. Kama zilivyo."

"Kama zilivyo," nikasema. Niliapa.

Maalim sikumwona tena. Nimeuliza katika kambi ya wakimbizi na Mombasa kila mtu mwenye lafudhi ya Barawa. Mmoja ananiambia alionekana njiani na fimbo, mwingine ananipa pole kabla sijamaliza kuuliza.

Nilifika Chula kesho yake asubuhi, kwa ngalawa ya mjomba. Nilimkuta baba akikoroga sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao. Nikamwambia yote kwa mkupuo. Aliweka chini kopo.

"Wamechukua kadi yangu peke yake?"

"Ndiyo, baba. Zilizobaki ninazo. Zimo humu."

Akayatazama magunia, akanitazama. "Umezileta hapa? Mwanangu, watu wanakimbia simba, wewe unamletea simba nyama nyumbani!"

"Niliapa, baba."

"Uliapa kwa nani? Kwa droo?"

Hakunipiga, wala hakungoja. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeitoa mashua horini, baba, mama, mimi, na jirani mjane na kuku wake watatu. Asubuhi iliyofuata tukafika Darakasi, karibu na mpaka, tukangoja maji yajae tuweze kuvuka mwamba kwenda upande wa Kenya. Hapo ndipo mvuvi mmoja wa Chula alipotukuta, alikuwa amekimbia nyuma yetu.

"Walikuja," akamwambia baba. "Watu saba. Hawakumuuliza mtu njia. Walishuka wakaenda moja kwa moja hadi hori lako, wakasimama palepale unapolaza mashua. Walipokuta pako wazi wakachoma banda. Wakaanza kuuliza nani mwingine ana mashine, wakampiga mzee wa msikitini mpaka akazirai. Hakusema. Wamesema watarudi na karatasi zote."

Hawakuuliza njia. Mimi ndiye niliyewaonyesha, kwa herufi zilizoshiba, na muhuri wa idara ukanipongeza.

Baba aliinama akakaza kamba ya mashua. Kisha akasema, bila ukali, "Mwandiko wako unasomeka vizuri, mwanangu."

Afadhali angenipiga.

"Kuna boti yao baina yetu na mpaka," mvuvi akasema. "Wanapekua kila chombo."

Baba akanyoosha kidole kwenye magunia. "Kutoka hapa hadi Koyama, kila mchu mwenye mashua yumo humo. Wakitukuta nazo, tumewauza wote. Zitupe baharini. Sote tunakwenda kutafuta maji na kuziba ule ufa wa mashua. Nikirudi nisizione." Akaondoka na wenziwe, mama akigeukageuka kunitazama.

Nikabaki peke yangu nyuma ya jabali, magunia mbele yangu. Niliburuta moja hadi penye maji. Nikatia mkono ndani, nikatoa kadi, nikasoma. Ilikuwa ya namna ya kumtambua pweza dume kwa mkono wake wa tatu. Nikatoa nyingine: wakati pono anapolala katika ute wake. Nyingine: maji gani ya kumwachia nguru mchanga. Kama hizi zikizama, nikawaza, nani atauliza tena? Wale wazee wataelezwa na nani kwamba walisikilizwa? Na zikibaki kama zilivyo, yule mzee wa msikitini alipigwa kwa nini?

Nilikumbuka mkono wa Maalim ukiwa juu. Kikao kiliamua, na mimi nilikuwa mjumbe wake. Nilijua pia kwamba nikifanya nilichokuwa nataka kufanya, hakuna ukumbi wenye mapazia utakaonitaja. Yeyote mwenye elimu atazigeuza kadi hizi, ataona mkato chini, atauliza nani kasema, na atanirudishia.

Nikafungua pindo la leso aliyoiacha mama, lililokuwa na wembe, sindano na uzi. Nikaweka kadi juu ya jiwe bapa, nikasoma mstari wa chini kwa sauti, jina, chombo, hori, kisha nikaukata. Nikachukua nyingine. Nilisoma kila jina mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe chumba cha pili, kisha wembe. Nikajikata kidole, nikakifunga, nikaendelea na gunia la pili. Vipande vya juu nilivirudisha guniani chini ya dagaa. Vipande vya chini nikavitia katika sufuria ya mama, vikajaa hadi ukingoni, vikalazimika kushindiliwa.

Kulikuwa na majina niliyoyajua toka utotoni, watu walionibeba mgongoni, na majina niliyoyaandika mara moja tu nikapewa madafu. Kwa kila mmoja nilitaka kusema samahani, lakini wakati haukuniruhusu, kwa hiyo nilisema jina tu.

Jua lilipofika utosini nilisikia sauti za watu wakirudi upande wa pili wa jabali, baba akimtania mjane kwamba kuku wake watalipa nauli kwa mayai. Nikatia maji ya bahari sufuriani, nikaingiza mikono yote miwili, nikaanza kukanda. Nilikanda kama unga wa mkate, nikifinya, nikigeuza, wino ukitoka samawati kati ya vidole, mpaka pakawa hapana tena herufi hata moja, ni uji wa kijivu tu. Nikachimba mchangani kwa kiganja, nikaumwaga humo, nikafukia, nikapapasa juu pakawa sawa.